Bia Kali Inataka Vyombo Viwili

Mpika bia wa nyumbani akitaka kutoka asilimia 5 ya kileo hadi 10, huongeza kimea na kubakiza chombo kilekile. Hapo ndipo bia nyingi kali huharibikia.

Tuchukue kipimo kilichozoeleka Marekani: galoni 5, kama lita 19. Maji ya kimea yenye uzito wa 1.100 kwenye haidromita yakishuka hadi 1.025, umepata karibu asilimia 10. Hamira inayokula sukari yote hiyo hutoa joto na gesi nyingi, na povu hupanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Hubeba vipande vya hopsi hadi kwenye kitundu cha kutolea hewa, likakiziba. Ndoo ya plastiki itarusha mfuniko. Mtungi wa kioo unaweza kupasuka, na vigae vyake vimeshawakata watu vibaya.

Kwa hiyo siku za kwanza ni za ndoo pana. Ukipika lita 22, tumia ndoo ya lita 30, na badala ya vali ndogo weka mpira mnene ambao ncha yake imezama kwenye maji. Hewa iliyo juu ya bia haidhuru sana wakati huu, kwani gesi ya hamira huifukuza.

Povu likishatulia, hali inageuka. Bia hii hukomaa kwa miezi, na plastiki hupitisha oksijeni kidogo kidogo mpaka ladha inakuwa ya karatasi iliyolowa. Wapika mbege wa Kilimanjaro hawana shida hiyo, maana mbege ikiiva hunywewa ndani ya siku moja mbili. Bia ya miezi ihamishiwe kwenye kioo au chuma kisichoshika kutu, ijae hadi shingoni. Ndiyo maana tulipika lita 22: mashapo ya bia kali ni mengi, na ukiyaacha nyuma utabaki na zile 19. Mtungi wa kioo wa lita hizo ukijaa huvuka kilo 24. Ubebe ndani ya kreti, usiushike shingo.

Kama fedha inatosha chombo kimoja tu, nunua ndoo kubwa, kisha ukomazie bia kwenye chupa. Ila usifunge chupa hata moja kabla haidromita haijasoma namba ileile kwa siku kadhaa mfululizo.