Ndege Zimenawiri, Ramani Bado

Ndugu zangu, hebu tuseme ukweli. DCS World, ule mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege za kivita, umeboreshwa sana upande wa ndege. Mle ndani kwa rubani karibu kila swichi inabonyezeka. Ramani yake ya Ghuba ilitoka 2018, lakini jasho lote limemwagwa Mlango wa Hormuz. Khasab utatua. Nizwa, Ibra na Sur hawakujisumbua nazo.

Sasa chukueni vita vya Jebel Akhdar, 1957 hadi 1959. Kuiunda Venom si tabu: mizinga minne ya milimita 20, roketi chini ya mbawa, safari kutoka Sharjah. Tabu iko chini, ardhini. Julai 1957 Waingereza waliipiga ngome ya Nizwa kwa roketi, na ule mnara wake mnene wa karne ya 17 haukudhurika sana, maana umeshindiliwa udongo na mawe tumboni. Katika michezo hii jengo aghalabu huwa zima au kifusi, basi! Na Tanuf je? Nyumba za udongo zilibomolewa kwa mabomu, magofu yake yapo hadi leo chini ya mlima. Kwa mchezaji itakuwa shabaha tu. Kwa baadhi yetu tuliozaliwa Unguja, huko ndiko kwa babu. Atakayeichora ramani hiyo aanze na mitende, falaji na wanaochota maji, roketi baadaye.