Noeli kwa Amri

Tumesoma habari za sheria iliyowekwa Denmark mwaka 2018, nayo imetusumbua moyo. Katika mitaa fulani ya maskini, yenye wageni wengi, na wengi wao Waislamu, mtoto wa mwaka mmoja asiyekwenda bado shule ya wadogo sharti apelekwe masaa 25 kila juma. Huko afundishwe lugha na desturi za nchi, hata Noeli na Pasaka. Mzazi akikataa, aweza kunyimwa fedha ya msaada wa watoto.

Kujua lugha ya majirani ni jambo jema, hatubishi. Lakini mbona mitaa hiyo tu? Na Noeli iliyofungwa pamoja na fedha ya maziwa, ni Noeli gani? Mtaguso wa Vatikano, katika tamko lake la uhuru wa dini (1965), umekataza kueneza imani kwa shuruti, hasa kwa maskini na wasio na elimu.

Wengine watajibu: hiyo si dini, ni desturi tu. Tungekubali upesi kama tusingekumbuka Kongo yetu. Mpaka mwaka 1948 misioni za kigeni za Waprotestanti hazikupewa fedha ya shule na Serikali ya Wabelgiji. Misioni zetu za Kikatoliki zilipewa. Basi mzazi Mprotestanti aliyetamani shule yenye msaada huo alituletea mtoto wake, naye mtoto akajifunza katekisimu yetu. Sisi tulihesabu wanafunzi, tukafurahi.