Aliyeitwa Jua Likizama

Fred Marberry hakulipenda jina la Firpo. Alibandikwa kwa sababu umbo lake liliwakumbusha watu Luis Ángel Firpo, bondia wa Argentina aliyemtupa Jack Dempsey nje ya ulingo mwaka 1923. Mwaka huohuo kijana huyu wa Texas alianza kurusha mpira katika timu ya besiboli ya Washington, na jina likaganda. Kazi aliyokuja kuifanya ndiyo iliyokosa jina.

Siku hizo mrushaji aliyejiheshimu aliuanza mchezo na kuumaliza, awamu zote tisa. Kutolewa katikati kulikuwa fedheha. Walioitwa kumpokea kwa kawaida walikuwa wakongwe walioishiwa makali, au wenzake waliokuwa wakingoja zamu yao ya kuanza. Bucky Harris, kocha wa miaka 27 aliyekuwa bado anacheza, mwaka 1924 alifanya jambo lililoonekana kama ufujaji: alichukua mkono wa Marberry, wenye nguvu kuliko mingi kikosini, na mara nyingi akauweka pembeni usubiri mambo yaharibike.

Anayeanza mchezo hukuta vituo vitupu na kichwa chake kimetulia. Anayeitwa baadaye hukuta moto umeshashika paa. Wapinzani wawili wako vituoni, jukwaa zima limesimama, na mpira anaokabidhiwa una jasho la mwenzake. Hesabu za besiboli nazo zina choyo. Mkimbiaji aliyekutwa kituoni akifika nyumbani, deni huandikiwa yule aliyeondoka. Akizuiwa, wakati huo hakukuwa na safu ya kumwandikia aliyemzuia. Mtu aliweza kuokoa jahazi jioni nzima, na kesho yake gazeti likamtaja kwa mstari mmoja.

Silaha ya Marberry ilikuwa kasi. Hakuwa na hila nyingi, wala sidhani alizihitaji. Ligi kuu hazikuwa zimecheza chini ya taa hata mara moja hadi mwaka 1935, kwa hiyo aliyeingia mwishoni aliingia mwanga ukififia. Mpigaji mwenye gongo mkononi alilazimika kuutafuta mpira wa kasi kwenye vivuli.

Tarehe 10 Oktoba 1924, mchezo wa saba wa fainali dhidi ya New York Giants, Harris alimwingiza awamu ya sita, wakimbiaji wawili wakiwa vituoni. Pointi moja ikaingia kwa mpira uliopigwa mbali ukadakwa. Kisha Joe Judge akababaika na mpira, na baada yake Ossie Bluege, wenzake waliokuwa wadakaji wa kuaminika kabisa. Giants wakaongoza tatu kwa moja. Marberry akaendelea kurusha. Awamu mbili zilizofuata hakufungwa tena, na Washington ikasawazisha. Ndipo akaingia Walter Johnson, gwiji wa miaka 36, na ushindi wa awamu ya kumi na mbili ukaandikwa kwa jina lake. Simlaumu mtu, Amerika nzima ilikuwa imemngoja Johnson atwae taji. Lakini mimi macho yangu hubaki kwa yule aliyempisha.

Mwaka uliofuata Marberry alicheza michezo 55 bila kuanza hata mmoja, na mwaka 1926 michezo 64. Baadaye alipewa nafasi ya kuanza, naye akaonyesha kwamba hata hiyo aliiweza. Alistaafu akiwa ameshinda michezo 148.

Mwandishi wa Chicago, Jerome Holtzman, ndiye aliyebuni kipimo cha kuhesabu michezo iliyookolewa na warushaji walioingia mwishoni, na kikawa rasmi mwaka 1969. Wahesabuji wakarudi kwenye kumbukumbu za zamani na kukuta michezo 22 ya Marberry katika mwaka 1926 pekee. Kipimo hicho kilipokuwa rasmi, alikuwa na miaka 70. Ajali ya gari ya mwaka 1949 ilikuwa imemnyang'anya mkono wa kushoto. Ule wa kurushia, wa kulia, alibaki nao.