Nyoka Akigoma Kula

Panya alikuwa ananing'inia kwenye ncha ya koleo, maji ya uvuguvugu yakimdondoka mkiani. Bisi alitoa ulimi mara mbili, akaurudisha, kisha akageuza kichwa taratibu na kujisokomeza chini ya gome lake. Ilikuwa wiki ya tatu. Mwanangu alikuwa amepiga magoti pembeni yangu na daftari lake, akaandika neno lile lile aliloandika wiki iliyopita: "Hajala."

Usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Mimi nimekulia Mwanza, na kwetu aliye ndani ya nyumba yako anakula; asiyekula ana jambo. Mgeni akisema ameshiba tunamsihi aonje hata tonge moja. Mtoto akigoma tunambembeleza, tukishindwa tunamtisha. Sahani ikirudi jikoni kama ilivyotoka, mwenye nyumba hujiuliza amekosea wapi. Basi nyoka wa gramu 61 alipoukataa mkono wangu kwa mara ya tatu, niliona nimekataliwa mimi.

Tunaishi Columbus, Ohio, na Bisi ni nyoka wa mahindi, ambaye wataalamu humwita Pantherophis guttatus. Linnaeus alimwandika mwaka 1766, lakini wakulima wa kusini-mashariki mwa Marekani walikuwa wakimjua siku nyingi, maana alifuata panya hadi kwenye maghala yao. Wapo wasemao ndiyo asili ya jina lake. Wengine husema ni tumbo lake, lenye vipande vyeusi na vyeupe vilivyopangana kama punje kwenye gunzi. Nikimtazama akipanda kioo, tumbo wazi mbele ya macho yangu, naegemea upande wa hao wa pili. Mgongoni ni rangi ya chungwa, mabaka mekundu yaliyozungushiwa wino mweusi. Hana sumu. Akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 20 na kuzidi, kwa hiyo mwanangu alipomchagua na kumpa jina, alikuwa anajitwisha ahadi ndefu kuliko umri wake.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa hapa mtaani, ambaye amefuga nyoka hawa tangu ujana wake. Siku aliyokuja nilitegemea ataenda moja kwa moja kumshika Bisi, amfungue kinywa, ambonyeze tumbo. Hakumtazama hata kidogo. Alichukua vipimajoto viwili mfukoni, akaweka kimoja kila mwisho wa kasha la kioo, akakaa kunywa chai. Baada ya dakika 20 hivi aliinuka akavisoma. Upande uliopaswa kuwa wa joto ulikuwa nyuzi 24.

"Panya hana kosa," alisema. "Tumbo lake limelala."

Nimelifikiria sana neno lile. Sisi tuna moto wetu ndani. Tukila barafuni au juani, chakula kinasagika. Nyoka hana moto wake, analiazima joto la mahali alipolala. Akimeza panya wakati mwili umepoa, nyama itaoza tumboni kabla ya kusagwa, naye anajua hivyo kwa namna ya kujua ambayo haikupitia shuleni. Nje theluji ilikuwa imefika magotini, na pedi ya joto niliyonunua haikuwa na themostati. Kumbe yule niliyedhani ananidharau alikuwa anafanya hesabu sahihi kila wiki, na mimi ndiye niliyekuwa sijaisoma.

Mzee hakuishia hapo. Aliuliza kama mganga mzuri anavyouliza nasaba ya ugonjwa. Alifika lini? Nani anamshika, mara ngapi? Amejivua gamba lini? Panya mnayempa ana unene gani? Usiku kasha linamulikwa na taa ya chumba? Kila swali lilikuwa na sababu yake. Nyoka aliyehamishwa anahitaji wiki nzima bila kuguswa ili akubali kwamba mahali pale si mtego, nasi tulikuwa tumemvika shingoni mwa mwanangu siku ya pili. Panya anatakiwa awe na unene kama wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka, au kuzidi kidogo tu, nasi tulichagua mkubwa tukidhani tunamkirimu. Gome la kujifichia lilikuwa moja, upande wa baridi; kwa hiyo kila jioni alilazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Akaagiza mafichio mawili, kila upande lake. Akaagiza kasha lifunikwe kwa kitambaa pande tatu. Upande mmoja uwe nyuzi 28 hadi 30, wa pili karibu 23, halafu mwenyewe ajiendee anakotaka.

Na mizani. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa kuwa liliiondoa hofu mikononi mwangu na kuipa namba. Kila Jumamosi tulimweka kwenye bakuli la plastiki juu ya mizani ya jikoni, mwanangu akaandika. 61. Kisha 60. Kisha 60 tena. Mtu mwenye hofu huona mbavu zisizoonekana. Mizani haioni ila kilichopo. Mzee alituambia tuanze kushtuka akipoteza sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Kabla ya hapo, tungoje. Nyoka mzima aliyenenepa anaweza kukaa miezi bila kula na asipate dhara, na madume hugoma majira ya kuchipua kwa sababu akili yote iko kwa majike. Mchanga ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, akiba yake ni ndogo.

Tulirekebisha yote, wiki ikapita, nikayeyusha panya kwa matumaini makubwa. Bisi hakutoka. Safari hii macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa samawati, kama maji yaliyodondoshewa maziwa, na rangi yake ya chungwa imefifia kama khanga iliyofuliwa mno. Alikuwa anajiandaa kujivua gamba. Wakati huo haoni vizuri, ngozi inambana, hataki kuonekana wala kuguswa, na wengi wao hawali. Siku chache baadaye macho yalitakata. Asubuhi moja tukakuta gamba zima limelala karibu na bakuli la maji, limegeuzwa ndani nje kama soksi, na mahali pa macho pana viduara viwili vya kung'aa. Kule nyumbani maneno "kujivua gamba" yamechoshwa na majukwaa ya siasa. Nilipolishika lile gamba, jepesi kuliko ganda la kitunguu, niliona yamerudishiwa maana yake.

Akala usiku uliofuata. Kisha tukaharibu.

Watoto wa jirani walikuja kesho yake, na mwanangu, kwa furaha, akamtoa ili wamwone. Nami nilikuwepo, sikukataza. Usiku tulisikia harufu kabla ya kuona: panya alikuwa ametapikwa, nusu ameyeyuka, juu ya vumbi la mbao. Mwanangu alilia. Kutapika si jambo dogo kwa nyoka. Koo huunguzwa na asidi ya tumbo, na akilishwa tena haraka atatapika tena, mara hii akiwa dhaifu zaidi. Adhabu yetu ilikuwa siku 14 za kutompa kitu chochote isipokuwa maji safi, kisha kuanza na panya mdogo kabisa. Siku 14 za kumtazama mwenye njaa na kujizuia. Sijawahi kupewa kazi ngumu zaidi ya ile, na ilikuwa kazi ya kutofanya.

Katika siku zile nilimpigia simu mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mbona sauti imepooza?"

Nikamweleza. Alinyamaza kwanza. Nyoka ndani ya nyumba anakolala mjukuu wake ni habari asiyoizoea. Kisha akanikumbusha Wayeye, wale mafundi wa nyoka wa Usukumani waliokuwa wakija kucheza na chatu uwanjani nilipokuwa mdogo.

"Uliwahi kumwona Myeye akimbembeleza chatu ale?" aliuliza. "Chatu akila, analala mwezi. Mwenyewe ndiye anayejua. Mwache, mwanangu."

Mama hajui themostati, lakini yeye na mzee wa Columbus walikuwa wamefika mahali pamoja.

Ninachotaka kukisifu ni hiki. Fundi seremala tunamjua kwa alichofanya mkono wake. Meza ipo, iguse. Ufundi wa mfugaji huyu haubaki mahali popote pa kuonekana. Umo katika mkono uliozuiwa, katika kifuniko ambacho hakikufunguliwa. Nilipomtembelea nyumbani niliona ulipofikia kilele chake, kwa vichanga. Nyoka wa mahindi akianguliwa ana gramu chache tu, mwembamba kama penseli, na porini chakula chake cha kwanza mara nyingi ni mjusi au chura mdogo. Ukimpa kichanga cha panya, wapo wanaokipokea kana kwamba wamekijua tangu ndani ya yai. Wapo pia wasiokitambua kabisa kuwa ni chakula.

Kwa hawa mzee alikuwa na ngazi yake, na hakuruka daraja. Kwanza alikipasha kichanga cha panya joto kwenye maji ya moto, ndani ya mfuko, kamwe si kwenye maikrowevu. Akikataliwa, alikiosha kiondoke harufu. Kisha alikisugua kwenye ngozi ya mjusi wa kijani aliyekuwa akimfuga kwa kazi hiyo, ili ulimi wa nyoka uokote harufu ambayo mababu zake waliifuata. Kisha alikitoboa kichwa kwa sindano, harufu ya ubongo itoke. Kisha alimweka nyoka na kichanga pamoja katika kikopo kidogo chenye matundu, gizani, usiku kucha. Kati ya daraja moja na jingine alipumzisha siku tano, sita. Kulisha kwa nguvu kulikuwa kumewekwa mwisho kabisa, na alisema wazi kwamba asiyefundishwa asijaribu, amwachie daktari wa wanyama. Kwa daktari huyo alinitajia pia safari zisizongoja mizani: nyoka anayepumua kinywa wazi, anayetoa kamasi au mlio kifuani, mwenye usaha kwenye fizi, anayetapika tena na tena, au aliyevimba katikati ya mwili. Kungoja mbele ya dalili hizo, alisema, ni uzembe uliovaa nguo za subira.

Siku ya 15 tulizima taa ya chumba saa tatu usiku, tukabakiza mwanga wa korido. Panya alikuwa mdogo, hajaota manyoya, amepashwa hadi kichwa kikawa na joto kuliko kidole changu. Nilimshusha kwa koleo karibu na mdomo wa gome, nikashikilia mkono usitetemeke. Ulimi ukatoka. Ukatoka tena, haraka zaidi. Shingo ikajikunja kama herufi S, na nilipopepesa macho alikuwa ameshamnasa, amemviringa mara mbili, akimkaba panya ambaye alikufa zamani. Alikitafuta kichwa kwa pua yake, bila pupa. Taya zikaanza kutembea, la kulia, la kushoto, la kulia, kama mtu anayepanda kamba ya kisima. Tuliona uvimbe ukipita shingoni. Mwisho ulibaki mkia, mwekundu na mwembamba kama uzi, ukaingia nao. Bisi akapiga miayo mikubwa miwili, akirudisha taya mahali pake, akateleza kuelekea upande wa joto.

Mwanangu aliandika saa na uzito wa panya. Nikamtumia mzee ujumbe kwamba amekula. Jibu lilikuja papo hapo.

"Nyuzi ngapi huko?"

"29," nikajibu.

"Vizuri. Funikeni kitambaa. Msimguse mpaka Jumatano."