"Nitumie Data Yote kwenye Faili Moja": Ombi Lenye Gharama

Ombi hili linasikika kila mahali panapofanyika utafiti. Msimamizi anamwambia mwanafunzi, bosi anamwambia mtu wa kompyuta. Baada ya dakika chache faili la CSV linatumwa, linafunguka kwenye Excel, na kila mtu anashukuru. Sasa basi, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba faili hilo linaweza kudanganya hata kama kila tarakimu iliyomo ni sahihi.

Chukua mfano mdogo. Kwenye kanzidata kuna jedwali la wanawake na jedwali la watoto, yameunganishwa kwa namba ya mama. Wanawake wako watatu: wa kwanza ana miaka 40 na watoto 5, wa pili ana miaka 20 na mtoto 1, wa tatu ana miaka 18 na hana mtoto. Wastani wa umri wao ni miaka 26.

Unganisha majedwali hayo kwa amri ya kawaida ya JOIN, kisha toa faili moja. Unapata mistari 6. Mama wa miaka 40 ametokea mara 5, na yule wa miaka 18 hayupo kabisa. Ukipiga wastani wa safuwima ya umri, unapata miaka 36.7. Hakuna aliyekosea kuandika umri, na kompyuta haikulalamika. Ongeza jedwali la tatu, tuseme la ziara za kliniki, na mambo yanazidi: mama mwenye watoto 3 na ziara 4 anaweza kugeuka mistari 12.

Hebu tutoke kwenye mfano wa darasani. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, Uingereza ilikuta kesi 15,841 hazikuingia kwenye takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Matokeo ya maabara yalifika kama mafaili ya maandishi, kisha yakapakiwa kwenye mfumo wa zamani wa Excel, XLS, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. BBC iliripoti kwamba kila kipimo kilichukua mistari kadhaa, hivyo faili likajaa kwenye kesi zipatazo 1,400 tu. Zilizobaki zikakatwa kimyakimya. Wagonjwa walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa. Wengi walilaumu Excel, na ni haki. Ila kuna swali lililotangulia Excel: mstari mmoja ulikuwa unawakilisha nini?

Je, tuache mafaili ya maandishi? Hapana. Yanafunguka kwenye kompyuta yoyote na hayadai leseni. Tunachokosoa ni lile neno "moja". Angalia data za usafiri za GTFS, ambazo mradi wa Digital Matatus ulizitumia kuweka njia za matatu za Nairobi kwenye ramani. GTFS ni mafaili kadhaa ya maandishi ndani ya zip moja: vituo kwenye stops.txt, safari kwenye trips.txt, na stop_times.txt ikiunganisha hivyo viwili kwa namba zao. Jina la kituo linaandikwa mara moja tu, hata kama safari mia zinapita hapo. Unatuma kifurushi kimoja, na uhusiano wa majedwali unabaki salama.

Kuna wakati faili moja linahitajika kweli, kwa sababu programu nyingi za takwimu zinataka jedwali moja. Hapo amua kwanza mstari utakuwa wa nani. Kama ni wa mwanamke, hesabu watoto wa kila mmoja kabla ya kuunganisha, tumia LEFT JOIN ukianzia jedwali la wanawake ili asiye na mtoto abaki kwenye faili, halafu linganisha: wanawake 3 kwenye kanzidata, mistari 3 kwenye faili. Isipolingana, usitume.

Na wewe unayeomba, badilisha ombi lako kidogo tu: "Nitumie faili moja, mstari mmoja kwa kila mwanamke." Maneno hayo machache ya mwisho ndiyo yanayotenganisha miaka 26 na miaka 36.7.