Pongezi kwa Waliopanga Tarakimu za LUKU

Mwaka 2024, mteja wa LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, wa Ngamiani, Tanga, aliyenunua umeme kwa simu alijikuta anapewa makundi matatu ya tarakimu 20, yaani tokeni. Mawili ya kwanza yalikuwa ya kuboresha mita. La tatu ndilo lenye uniti zake. Ukianza na la tatu, mita inalikataa. Watu walinung'unika, na kwa kweli kubonyeza tarakimu 60 gizani, umeme umeshakatika, si mchezo.

Lakini kazi ile ya kuboresha mita inastahili sifa. Mita za aina hii, duniani kote, zilikuwa zikitambua tokeni kwa hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo tokeni mpya zingegoma. Waliopanga zoezi hilo katika shirika la umeme, TANESCO, walimkabidhi mteja kazi ya fundi: hapana gari, hapana ngazi, hapana mita mpya, Pangani hadi Mkinga.

Mitambo ya umeme ya Hale na Pangani tumezoea kuisifu kwa sababu inaonekana. Wasanifu wa mifumo hawaonekani, na safari hii wametutendea haki. Hongereni sana.