Nani Alikula Keki ya Sagamoyo?

Kama ulifanya KCSE kati ya 2018 na 2022, Majoka unamjua. Ulikariri sifa zake: katili, mwenye tamaa, dikteta. Ukapata alama zako, ukasahau. Mimi nimeirudia Kigogo ya Pauline Kea mwezi huu bila mwalimu (chuo nilishakiacha, hakuna wa kunisahihisha), na naona tulifunzwa kumkodolea macho mtu mmoja tukawapita wengine.

Rudi pale mwanzo. Majoka mwenyewe hayupo. Kuna mafundi wanachonga vinyago sokoni Chapakazi, kisha Kenga, mshauri wake, anatokea na keki ya sherehe za uhuru. Sudi anaikataa. Boza anakula. Hakuna bunduki, hakuna teargesi. Ni kipande cha keki tu, manze, na tayari Sagamoyo yote iko hapo.

Mwaka 2007 watafiti Padilla, Hogan na Kaiser waliandika kwamba uongozi haribifu unahitaji vitu vitatu: kiongozi, wafuasi na mazingira. Wafuasi wakawagawa: wanaotii kwa sababu ya shida au woga, na wanaoshirikiana kwa sababu kuna chao. Kea anatuonyesha hayo bila mhadhara. Kenga ana chake. Boza je? Mkewe Asiya anauza pombe haramu kwa kibali cha wakubwa. Kibali kikitoka, nyumba hiyo italala njaa. Darasani tulimwita Boza msaliti, tukacheka, tukafungua ukurasa. Lakini ni yeye niliyemwogopa safari hii, kwa sababu namfahamu. Kampeni za 2022 nilivaa fulana ya mgombea fulani kwa mia mbili na soda. Hakuna aliyenishika shati. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na nafasi.

Ndiyo maana Juni 2024, tulipokuwa barabarani tukipinga Mswada wa Fedha, tukiimba jina la mtu mmoja, kuna kitu kilinikwama kooni. Mswada ulitolewa, sawa, na ulikuwa ushindi. Wale waliokuwa wakibeba keki mtaani kwetu wako palepale.

Na hapo ndipo nina ugomvi na tamthilia hii. Mwisho wake ni rahisi mno. Kingi anakataa kuwapiga watu risasi, hiyo naiamini, polisi pia ana watoto. Lakini Kenga naye anavuka upande, anajiunga na umma, basi, yameisha! Mtu aliyegawa keki, aliyepanga hila za Majoka tangu mwanzo, anasimama na Tunu na Sudi kama mtu aliyechelewa mkutano. Nilisoma kurasa hizo za mwisho mara mbili nikitafuta mtu wa kumuuliza maswali, hata moja tu. Wanafunzi wanaweza kuandika insha nzima kuhusu anguko la Majoka bila kumgusa Kenga, na wengi wetu tuliandika hivyo.

Fulana bado ninayo. Napigia deki.